Mapaa Kumi na Manne

Mwalimu Margwe aliyatafuta mwenyewe. Hakutumwa na mtu. Yeye ndiye aliyempigia simu binti yake Getruda, aliyekuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisoma historia, akamwambia: "Mwanangu, humo kwenye maandishi ya wazungu hayakosekani maneno mazuri ya Vosse juu ya babu yetu. Nitafutie hata mistari miwili nikaisome Jumamosi." Getruda alipokaa kimya wiki nzima, akampigia tena na kumwambia kwamba wasomi wa siku hizi ni wavivu kuliko kobe.

Basi Alhamisi Getruda akateremka kwenye bodaboda pale Nambis, begi mgongoni, na uso wake haukuwa uso wa likizo. Alimkuta mama yake, Gaudensia, amekalia gunia uani anakata mikia ya vitunguu saumu. Baba yake alikuwa kwenye kiti cha uvivu anaipangusa darubini kwa kitambaa cha sufu.

Ilikuwa darubini ya shaba, na hakuna mtu Nambis aliyekuwa haijui. Kwa miaka thelathini na miwili ya ualimu wake Margwe aliibeba darasani kila mwaka, akaipitisha mkono kwa mkono, huku akisimulia: Kapteni Vosse, mvumbuzi mkubwa wa Kijerumani, alitokea upande wa Hanang, akapita Gitting, akapanda huku kwetu mwaka elfu moja mia nane tisini na sita. Akapokelewa na Sulle, babu wa baba yangu. Wakapendana kama ndugu. Siku ya kuagana akamwachia darubini hii. Na huu ufa mnaouona kwenye kioo, watoto, ni wa siku Sulle alipotumbukia mtoni akimwokoa rafiki yake. Hapo watoto walikuwa wanapiga makofi, na Margwe alikuwa anajisikia mrefu kuliko mlango. Sasa kata ilikuwa imepata sekondari mpya, na Jumamosi ilikuwa inapewa jina la Sulle. Nguzo ya mawe ilishasimama getini. Suti ya Margwe ilikuwa kwa fundi, inapunguzwa kiuno.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeyaleta?"

"Nimeyaleta. Lakini baba, tungeingia ndani."

"Ndani kuna nini? Soma hapa hapa, mama yako naye asikie sifa za nyumba aliyoolewa."

Getruda alitoa karatasi mbili. Zilikuwa tafsiri ya shajara ya Vosse mwenyewe, aliyopewa Getruda na mhadhiri wake. Alisoma polepole, kama mtu anayepita kwenye tope.

"'Siku ya tatu tunazunguka mlima huu wenye mashamba lakini usio na nyumba. Moshi tunauona, ng'ombe tunawasikia, watu hatuwaoni.'"

Margwe alicheka mpaka akajipiga paja. Wazee wale! Enzi hizo nyumba zilichimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo likalingana na ardhi, majani yakaota juu yake. Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe waliweza kupita juu ya kichwa chako wasijue kwamba wamemkanyagia mtu dari. "Waliwaweza wote," alisema. "Endelea."

"'Leo asubuhi amekuja mtu mmoja kwa hiari yake, anaitwa Sulle.'" Margwe akakaa vizuri kwenye kiti. "'Ana ugomvi na majirani zake juu ya malisho. Ametutangulia na fimbo, anagonga ardhi. Anapogonga, chini yake ni nyumba. Tumehesabu mapaa kumi na matano. Moja ametuomba tuliruke, ni la kwake. Kila nyumba ina mlango mmoja tu, kwa hiyo tumewasha moto milangoni. Waliobaki ndani walikufa kwa moshi, waliotoka walipokelewa na askari wangu. Watoto ni wengi kuliko nilivyodhani. Tumepata ng'ombe mia mbili. Yule mtu nimempa darubini yangu ya zamani. Kioo kimeshapata ufa tangu pwani, lakini hatajua.'"

Kisu cha Gaudensia kilisimama katikati ya kitunguu.

"Soma tena," alisema Margwe.

"Baba..."

"Hapo kwenye ufa. Soma tena."

Akasoma tena. Ajabu ya binadamu ndiyo hiyo: nyumba kumi na nne za watu, na kitu cha kwanza kilichomchoma mzee wa watu ni kwamba alidanganywa juu ya kioo. Yale mengine yalimwingia baadaye, moja moja, na kila moja lilikuwa zito kuliko lililotangulia.

"Kuna mtu amemsingizia," alisema.

"Ni mkono wake mwenyewe baba. Hakuandika akiungama, aliandika akijisifu. Kwao ana sanamu mjini, na mwaka huu wenyewe wanabishana kama waiondoe."

"Wao wanaishusha," alisema Gaudensia bila kuinua macho, "sisi Jumamosi tunaipandisha."

Margwe aliitazama darubini mikononi mwake kama mtu aliyejikuta amevaa kiatu cha marehemu.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa mdogo wake, Joakimu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Alimkuta na simu mbili, moja sikioni na nyingine inalia. Joakimu alisoma zile karatasi akiwa amesimama, akazikunja mara nne, akamrudishia.

"Kaka, haya umemwonyesha nani?"

"Wewe tu."

"Vizuri. Usimwonyeshe mwingine. Mgeni rasmi amethibitisha. Ndugu zetu wa Hanang wameshapanda gari. Mchele umeshanunuliwa. Wewe unataka tukawaambie nini, kwamba babu alikuwa msaliti, karibuni pilau?"

"Lakini ni kweli, Joakimu."

"Nani analalamika? Nitajie mtu mmoja kata nzima anayelalamika."

Margwe alifikiri. "Hakuna."

"Basi. Asiyelalamika hana kidonda. Nenda ukachukue suti yako."

Na Margwe, mwalimu aliyefundisha vizazi viwili kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, akaitikia kwa kichwa. Alikubali upesi hivyo. Alipofika njiani ndipo aibu ilipomshika, tena si ile ya Sulle. Ya Sulle ilikuwa na umri wa miaka mia na zaidi. Hii ilikuwa bado mbichi, ya asubuhi ileile, na ilikuwa yake peke yake.

Kisha akakumbuka kwamba mtu mmoja alikuwepo. Mama Efrazia, jirani wa ng'ambo ya kijito. Huyo hakuwahi kulalamika hata siku moja, ila tangu aolewe pale hakuwahi kutia kitu mdomoni katika nyumba ya Margwe. Harusi alikuja, akacheza, akaondoka na njaa. Misiba alikuja, akaosha vyombo vya watu wote, akakataa hata chai. Walisema ana majivuno. Mama yake Margwe alikuwa akisema ana wivu. Na mtoto wa huyo Efrazia, Evarist, ndiye fundi aliyekuwa anaijenga nguzo ya jina.

Miguu ya Margwe ilikata kona yenyewe kuelekea shuleni.

*

Evarist alikuwa amepiga magoti anasawazisha sementi chini ya kibao, mwanamume wa miaka arobaini na tano, mvi zimeanza kumtoka kwenye ndevu. Alipomwona mzee alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Kesho itakuwa imekauka."

Kibao kilikuwa kimefunikwa kwa mfuko wa sementi, lakini ncha moja ilikuwa wazi na herufi zake zilisomeka: NA RAFIKI YAKE MVUMBUZI. Margwe aliitazama ile ncha, akatazama chini.

"Evarist. Unaukumbuka ule mtihani wa darasa la sita?"

Fundi hakuuliza upi. "Swali la nne," alisema. "'Taja jambo moja alilofanya Kapteni Vosse katika wilaya yetu.'"

"Uliandika nini?"

"Mwalimu, unakumbuka nilichoandika."

Alikumbuka. Angekumbuka hata kama angepofuka. Mtoto aliandika kwa penseli iliyokatika ncha: Alichoma watu ndani ya nyumba zao, bibi alisema. Margwe alimtoa mbele ya mstari, chini ya bendera, akamchapa viboko sita. Kisha akampa darubini aishike juu ya kichwa na kusema mara kumi, "Vosse ni shujaa, Sulle ni rafiki yake." Mara ya saba mkojo ulimtoka mtoto, ukateremka miguuni mpaka vumbini. Shule nzima ilicheka. Mwalimu naye alicheka. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima pumzi sasa, kwamba alicheka.

"Ulikuwa umepata," alisema Margwe.

"Najua."

"Mimi sikujua, Evarist. Naapa sikujua."

"Hilo nalo najua." Evarist alichukua mwiko, akaugeuza mkononi. "Sasa nikuambie usilolijua. Siku ile nilipofika nyumbani mama alinichapa tena. Wewe ulinichapa ukidhani nimesema uongo. Mama alinichapa kwa sababu nimesema kweli."

"Kwa nini?"

"Baada ya wale Wajerumani kuondoka, wazee wa kwenu na waliosalimika wa kwetu walikaa, wakachinja kondoo, wakaapa kwamba jambo lile lisitajwe kati ya nyumba yenu na nyumba yetu. Lingetajwa, watu wangechinjana mpaka wakaisha. Atakayelitaja, laana iko juu yake na uzao wake. Kwetu wamekishika kiapo hicho. Kwenu nyie mmekishika hata zaidi, mpaka mkasahau."

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Margwe alikuwa ameiandika methali hiyo ubaoni mara ngapi, akaisahihisha kwenye madaftari ya watoto kwa kalamu nyekundu!

"Kumbe ndiyo maana mama yako hali kwangu."

"Kiapo kilimzuia kusema. Hakikumlazimisha kula."

"Na wewe je? Mbona leo unasema, huogopi?"

"Mimi nilishakivunja nikiwa na miaka kumi na miwili, nikachapwa mara mbili kwa siku moja. Nadhani deni langu nimemaliza."

Margwe alivua kofia yake ya sufu. "Nisamehe, mwanangu."

Evarist alimtazama bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Mwalimu, mimi ulinisemesha mara kumi. Sikuombi kumi. Sema mara moja tu. Lakini si hapa, tukiwa wawili na ndoo ya sementi. Sema mbele ya watu, kama ulivyonisemesha mimi." Akapiga magoti tena. "Na kama huwezi, usije tena kuniomba msamaha pembeni. Pembeni hapo nimeshakaa sana."

*

Jumamosi kulikuwa na turubai mbili, viti vya plastiki, kwaya yenye sare za zambarau, na spika kubwa iliyokuwa inakoroma. Gaudensia alimfunga mumewe vifungo vya suti.

"Utasema?"

"Sijui, Mama Getruda. Nikisema, ukoo utanitema. Joakimu hatanizika."

"Na usiposema?"

Margwe aligeuka. Alichukua darubini akaitia kwapani.

Joakimu alimkaribisha kwenye kipaza sauti kwa maneno makubwa: mwalimu wa walimu, kitukuu cha shujaa, mtunza historia yetu. Watu wakapiga makofi. Margwe alisimama. Aliwaona wazee wa ukoo wake kutoka Hanang wamekaa mstari wa mbele na mashuka yao mapya. Alimwona Getruda nyuma kabisa. Alimwona Evarist karibu na nguzo, mikono mfukoni. Na pembeni, nje ya turubai, juani, Mama Efrazia alikuwa amekaa juu ya kigoda alichokuja nacho kutoka kwake.

Sasa mtu angesema kwamba Margwe alikuwa ameshakata shauri. Thubutu! Alitoa hotuba ya zamani mfukoni, ileile, akaanza kuisoma. "Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu. Babu yetu Sulle alikuwa mtu mkarimu. Alimfungulia mgeni mlango..."

Makofi. Vigelegele. Na hapo, kwenye neno hilo la mlango, ulimi ukamkauka. Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni.

"Si mlango wake aliofungua," alisema. "Alionyesha milango ya wenzake."

Joakimu aliinua kichwa ghafla. Margwe akaendelea.

"Nimedanganywa na nimewadanganya. Vosse hakuvumbua kitu hapa. Kila nyumba ilikuwa na mwenyewe. Sulle alimwendea Vosse bila kufungwa kamba, akagonga mapaa kumi na manne kwa fimbo, na Vosse akawasha moto milangoni. Watoto walikuwemo. La kumi na tano lilikuwa letu, likarukwa, na mimi nimezaliwa kwa sababu hiyo. Hii darubini ndiyo ujira wake. Ufa wake hautokani na mto wowote. Nilizoea tu kusema hivyo, baba yangu naye alizoea kusema hivyo."

Joakimu alimpungia mkono kijana wa muziki, na spika ikazimwa. Lakini walisahau kitu kimoja. Mtu aliyefundisha darasa la watoto tisini kwa miaka thelathini na miwili hahitaji spika.

"Mwaka tisini na moja nilimchapa Evarist wa Mama Efrazia mbele ya shule nzima kwa kuandika haya haya. Nikamshikisha hii, nikamsemesha uongo mara kumi, akajikojolea, nami nikacheka. Ninyi wengine mlikuwepo, mlicheka pamoja nami. Evarist alikuwa amepata. Mimi ndiye niliyekosa."

Aliinama akaiweka darubini chini, kwenye vumbi, akasimama pale na mikono yake mitupu. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa Hanang aliinuka, akatema mate pembeni, akaondoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mgeni rasmi alisema suala hilo litaangaliwa, akatazama saa. Kibao kikabaki kimefunikwa kitambaa chake cha bluu na nyeupe. Margwe alipoinua macho kumtafuta Evarist, fundi alikuwa ameshageuka anaelekea njia ya kwao, anatembea polepole, na kwa mbali mzee alimwona anapandisha mkono wa shati usoni.

*

Nyumbani masufuria mawili ya pilau yalikuwa yamefunikwa kwa majani ya mgomba, wala hakukuwa na mgeni hata mmoja. Joakimu alipita, hakuingia.

"Umetuvua nguo kaka," alisema akiwa nje ya uzio. "Wewe umeutua mzigo wako, umelala. Mimi wanangu wanaanza pale Januari. Wataitwa nini? Umelifikiria hilo?"

Margwe hakuwa amelifikiria. Alikaa na hilo nalo, juu ya mengine, kwenye kiti chake cha uvivu, suti bado mwilini.

Jua lilikuwa bado juu kidogo Mama Efrazia alipokuja na fimbo yake. Aliingia uani bila kigoda. Margwe aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Naye akakaa, kwenye benchi la watu wa nyumba ile. Alimtazama Gaudensia. "Mume wangu alipokufa ulinipikia uji siku tisa. Nikawa naumwaga nyuma ya zizi. Uliniona?"

"Nilikuona," alisema Gaudensia.

"Siku zote?"

"Siku zote tisa."

"Na ukaendelea kuuleta." Mama Efrazia alitikisa kichwa. "Niliona aibu. Na ile ya kumchapa mtoto wangu kwa neno la kweli, hiyo sijawahi kuimaliza. Leo tangu atoke pale amekaa nyuma ya nyumba analia, mwanamume mzima na ndevu zake, nami sijui nimwambie nini."

Getruda aliingia jikoni, akatoka na sahani ya pilau, nyama juu, akaiweka taratibu kwenye benchi karibu na bibi, akarudi nyuma. Mama Efrazia aliitazama sahani ile. Mvuke ulikuwa unampanda usoni.

"Nipe maji," alisema.

Gaudensia mwenyewe ndiye aliyeyachota mtungini. Mama Efrazia alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama ndani, akanywa. Alikunywa yote bila kupumzika, koo lake la kizee likipanda na kushuka, na wale watatu wakilitazama kama watu wanaotazama mvua ya kwanza. Alipomaliza alikigeuza kikombe chini juu ya benchi.

Margwe alijifuta macho kwa tai. "Mama, kula basi kidogo."

"Chakula bado," alisema Mama Efrazia. Akajiinua kwa fimbo yake, mkono mmoja kiunoni. "Yale mapaa yana majina, Mwalimu. Mama mkwe wangu alinifundisha yote kumi na manne, baba, mama na watoto. Kesho baada ya misa uje na daftari. Mimi nitataja, wewe utaandika. Ukikosea nitakurudisha mwanzo."

"Ndiyo, mama."

Mwalimu Margwe alisimama wima, mikono nyuma, mpaka bibi alipovuka kijito.